Mjamzito akiomba siku ya kulala, apewe bila kusutwa

Ndugu Mhariri,

Sisi wakunga tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na wajawazito wanaofanya kazi hapa Mwanza, na wale wanaowasimamia. Mwambie mjamzito aliyechoka abaki nyumbani siku moja alale, na swali lake la kwanza halitahusu mtoto wala damu. Atauliza, "Sista, bosi nitamwambia nini?" La pili huja kwa sauti ya chini: "Si wataniona mvivu?"

Wanaosema mimba si ugonjwa wanasema kweli, ila ni kazi, tena haina zamu. Damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo unaisukuma hata akiwa ameketi kwenye daladala ya Buhongwa. Miezi mitatu ya mwanzo usingizi mzito huletwa na homoni. Tumbo halijaonekana bado, ndiyo maana masimango ya uvivu huwa mengi wakati huo kuliko mwezi wa nane. Katikati nafuu huja. Kuanzia wiki ya 28 hivi, uzito, kuamka kwenda haja ndogo na kutafuta ubavu wa kulalia vinamrudisha kwenye uchovu. Wanaokumbusha kwamba bibi zetu walilima hadi siku ya kujifungua wangekumbuka pia kwamba bibi alikuwa na wifi, shangazi na wakwe katika boma moja, na kwamba wengi hawakutoka salama.

Tuje kwenye karatasi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Uchovu wa mimba ambao daktari ameupima na kuuandika unaingia humo. Siku hizo ni tofauti na zile 84 za likizo ya uzazi (100 kwa waliojifungua mtoto zaidi ya mmoja), na karani akianza kuzikata kwenye 84, akatazwe mapema, kwa maandishi. Likizo ya uzazi yenyewe inaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya ya mama au ya mtoto inadai hivyo. Taarifa yake inatakiwa imfikie mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, ikiwa na cheti cha daktari. Wengi huipeleka wiki mbili kabla, kisha wanashangaa ofisi ikihangaika kutafuta mtu wa kushika nafasi.

Kuhusu ED, yaani karatasi ya daktari ya kumpumzisha mtu kazini, kosa la kawaida ni karatasi iliyoandikwa "apumzike" tu, bila idadi ya siku. Karatasi hiyo haina nguvu. Kabla ya kutoka kliniki hakikisha ina tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi kazini, jina na saini ya daktari, na muhuri. Mkunga anaweza kumwandikia daktari maelezo kwenye kadi, lakini saini iwe ya daktari aliyesajiliwa. Kinyume chake mwajiri ana upenyo wa kuikataa, ingawa sheria inamtaka asikatae bila sababu ya maana. Piga picha ya ED kwa simu kabla ya kuikabidhi. Karatasi hupotea kwenye meza za watu.

Kama hujisikii kuumwa ila umechoka tu, kuna njia isiyohitaji daktari: siku moja kutoka kwenye zile 28 za likizo ya mwaka, kwa makubaliano na msimamizi, au kubadilishana zamu na mwenzako mkaandika jina kwenye daftari la zamu. Kubadilishana kwa mdomo ndiko kunakozaa ugomvi mwisho wa mwezi.

Namna ya kuomba nayo ina uzito. Anayepiga simu saa kumi na moja alfajiri, analia, anajieleza dakika kumi na kuomba radhi mara nne, anamfanya msimamizi aanze kuuliza maswali. Tuma ujumbe jioni ya kuamkia siku hiyo, kabla ya saa mbili, mfupi: "Shikamoo bosi. Kesho Alhamisi sitafika kazini, nimepewa mapumziko na kliniki. ED nitaileta Ijumaa asubuhi. Funguo za stoo nimemwachia wa zamu ya mchana na hesabu ya leo imefungwa." Inatosha. Tarehe, sababu kwa neno moja, na kazi imeachwa mikononi mwa nani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomtuliza msimamizi, na kwa kweli ndiyo inayomtuliza mama mwenyewe, kwa sababu nusu ya hatia anayobeba inatoka kwenye kazi aliyoiacha ikining'inia.

Kwa wasimamizi tuna mengine mafupi. Mjamzito hafanyi kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, katika miezi miwili kabla ya tarehe ya matarajio, na hata kabla ya hapo akiwa na cheti cha daktari. Viwanda vya minofu ya sangara, hoteli, kampuni za ulinzi, na hospitali nazo (tusijifiche) huvunja hili kwa kisingizio kwamba "mwenyewe amekubali". Sheria inakataza kumtaka na hata kumruhusu. Kazi inayozidi saa tano ina haki ya mapumziko ya dakika 60. Anayesimama kwenye sakafu ya baridi yenye maji akichuna minofu apewe kigoda na ahamishiwe kupima au kupanga maboksi. Kigoda ni rahisi kuliko kumfundisha kibarua mpya.

Na deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, anayeambiwa hana likizo kwa sababu hajafikisha miezi sita mfululizo? Ahesabu vizuri. Aliyeitwa na kuachishwa mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja na mwajiri yule yule, jumla ya muda wake ikizidi miezi sita, ana haki ya likizo ya malipo kama wengine. Atunze vitambulisho vya geti, ujumbe wa kuitwa kazini na miamala ya malipo kwenye simu, maana huo ndio ushahidi wake. Anayefukuzwa kwa sababu ya mimba apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa madai mengine ni siku 60. Wengi hufika wakiwa wamechelewa kwa kusubiri bosi apoe.

Sasa siku yenyewe. Siku ya mapumziko huharibika saa mbili asubuhi, pale mama anapoona rundo la nguo na kusema "kwa kuwa leo nipo". Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Anayeipandisha kwenye mawe ya Bugarika, Igogo au Mabatini mara tatu amefanya kazi nzito kuliko ile aliyoiombea ruhusa. Maji yajazwe jana yake, na ajaze baba au vijana. Chakula cha mchana kipikwe usiku: wali au ugali, maharage, dagaa, mchicha. Wakwe na mawifi wanaokuja kusalimia waje wakiwa na chakula.

Asubuhi, mwenye kichefuchefu asiamke na tumbo tupu. Vipande vichache vya matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) au mkate mkavu kando ya kitanda, ale kabla ya kusimama. Kulala mpaka mchana bila kula ndiko kunakomfanya aamke akitetemeka, aamini kwamba kupumzika hakumfai. Ale kidogo kidogo kila baada ya saa tatu, anywe maji yaliyochemshwa lita mbili hivi kwa siku, mengi yawe kabla ya jioni ili usiku asiamke mara kwa mara. Alale ubavu, wa kushoto ukiwa bora, hasa kuanzia wiki ya 28, kwa kuwa mfuko wa uzazi ukiulalia mshipa mkubwa mgongoni damu hupungua kurudi kwenye moyo na kwa mtoto. Kanga iliyokunjwa iwekwe katikati ya magoti, nyingine chini ya tumbo. Usingizi wa mchana uishe kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo usiku utakuwa mrefu. Simu ya kazini izimwe, au akabidhiwe mtu mwingine ndani ya nyumba.

Asikae kitandani siku nzima bila kusimama. Damu ya mjamzito huganda kwa urahisi kuliko ya wengine, na miguu isiyotembea inaweza kuotesha donge la damu. Jioni atembee taratibu dakika ishirini mahali tambarare. Asiingize miguu ziwani kutafuta ubaridi, kwa sababu ya kichocho.

Wanawake wanaoanika dagaa Mwaloni Kirumba, Igombe na Kayenze hawana bosi wa kumtumia ujumbe, na sheria tuliyoitaja haiwafikii wanaojiajiri. Kwao mapumziko yapangwe na soko. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa; mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti, mitumbwi hukaa ufukweni siku kadhaa, na wavuvi hulala mchana bila mtu kuwaita wavivu. Mjamzito anayeanika dagaa alale siku hizo hizo, badala ya kuzijaza vibarua vya shamba. Wakati wa giza mzigo ni mwingi, na mvua ya ghafla ikiukuta umeanikwa unaoza, hivyo hawezi kuuacha peke yake. Wapange watatu watatu, mmoja aangalie na kugeuza mzigo wa wenzake kwa siku moja, alipwe kwa sado. Kichanja cha kimo cha kiuno kinaokoa mgongo ambao kuanika mchangani kunaukunja kutwa. Vikundi vya vikoba vyenye mfuko wa jamii viandike kwenye katiba yao kwamba mwanachama mjamzito anachukua kiasi fulani kwa siku ya kupumzika bila kurudisha, kama wanavyochangia msiba.

Kuna uchovu ambao kulala hakuuondoi. Aliyelala siku mbili na bado anahema akipanda ngazi chache, moyo unakwenda mbio, viganja na ndani ya kope ni vyeupe, au anatamani udongo na pemba, aombe kipimo cha wingi wa damu. Chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Chini ya 7 ni hospitali siku hiyo hiyo. Ukanda wetu wa ziwa una malaria, minyoo na kichocho kwa pamoja, na vyote vinakula damu. Vidonge vya kuongeza damu vinywewe kila siku kwa maji ya limao au chungwa. Chai ya rangi au maziwa visogezwe mbali kwa saa moja au mbili, kwa sababu vinazuia madini ya chuma kufyonzwa. Choo cheusi ni kawaida, asiache dawa kwa hilo. Vikimchefua, anywe usiku anapokwenda kulala. SP ya kukinga malaria huanza wiki ya 14 kwa mama asiyetumia dawa za kumkinga zenye salfa, kwa nafasi ya mwezi au zaidi kati ya dozi na dozi. Minyoo na kichocho hutibika baada ya miezi mitatu ya kwanza, na dawa itolewe na kliniki.

Yapo pia ambayo hayasubiri ED wala kupumzika: kutokwa damu, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba ghafla, homa, degedege, chupa kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza. Hapo aende kituo cha afya kilicho karibu mara moja. Usafiri ukikosekana, namba ya dharura ya m-mama ni 115, kuipiga ni bure, na ibandikwe ukutani mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuisoma.

Wako,
Wakunga wa Nyamagana na Ilemela,
Mwanza