Risala ya Kikundi cha Wazabuni Wadogo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Sisi ni washonaji wa sare, wafanya usafi, mafundi samani na wapishi wa semina. Wengi wetu ni wanawake, na wamo wenye ulemavu. Historia yetu isikuchoshe: tulianza wachache, sasa tumeongezeka kidogo.

Mafanikio ni makubwa. Tuna katiba, tuna mhuri, na tumenunua kabati la mafaili lenye kufuli. Kabati hilo limejaa ankara ambazo hazijalipwa, na ndizo zilizotufanya tukualike.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 2015 mataifa yalikubaliana kupunguza pengo la walionacho na wasionacho, wakaliita Lengo la 10 la Maendeleo Endelevu. Tunapongeza. Tunapongeza pia sera za kutengea zabuni makundi kama yetu. Ila zabuni isiyolipwa kwa wakati humfukarisha aliyeipata kuliko aliyeikosa. Mshonaji hukopa kitambaa, huwalipa vibarua kazi inapokwisha, kisha hukaa kungoja. Aliyemkopesha hangoji, riba inatembea. Na aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani mara nyingi hudaiwa kodi kwa ankara aliyoitoa, hata kama hajaona senti. Matokeo yake kampuni kubwa na ofisi za umma, zinazoweza kukopa benki kwa masharti nafuu, zinakopa kwetu bila riba yoyote. Tukifuatilia tunaambiwa faili liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko semina. (Huenda chakula cha semina hiyo tumepika sisi, nacho kimeingia kwenye kabati.)

Dawa ipo, na wenzetu wameijaribu. Nchini India, sheria ya mwaka 2006 inamtaka mnunuzi amlipe mzabuni mdogo ndani ya siku zisizozidi 45. Akipitisha, anadaiwa riba ya mara 3 ya kiwango cha benki kuu. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2011 linazipa ofisi za umma siku 30 kwa kawaida. Hata hivyo sheria peke yake haimalizi kazi, kwa sababu mdogo anayemshitaki mteja wake mkubwa anajua oda ijayo itakwenda kwa mwingine. Hivyo tunaomba malipo ndani ya siku 30 tangu kupokelewa kwa mzigo, riba ya ucheleweshaji ijihesabu yenyewe bila mtu kwenda kulalamika, na kila kampuni kubwa itangaze hadharani huwalipa wazabuni wake baada ya siku ngapi. Hilo la mwisho halina gharama, labda aibu tu.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi kulibeba suala hili yeye mwenyewe. Tunaamini bado amelibeba. Aliyemfuata aliahidi kuunda kamati, nasi tukampigia makofi kama itifaki inavyotaka.

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, ahadi tunazo za kutosha. Tunaomba tarehe, na katibu ameacha nafasi ya kuiandika kwenye kitabu cha kumbukumbu.

Naomba kuwasilisha.