Risala ya klabu yetu ya mazingira kwa mgeni wetu, Daktari wa wanyama

Mgeni wetu wa heshima Daktari, mkuu wa shule, wazazi, wazee wa hapa Kabare, na nyie wadogo mliokaa chini huko mbele, jambo yenu!

Daktari karibu sana, tumekungoja tangu saa tatu lakini barabara ya Tshivanga mvua ikinyesha tunaijua, hatulalamiki, kiti chako tumekifuta mara mbili.

Tuseme ukweli, klabu tulianza kwa kutaka picha na gorila tu. Halafu mlinzi mmoja wa hifadhi akatuletea huu waya alioninginiza mwenzetu hapo, ni wa breki ya baiskeli, uangalieni. Ulitegewa swala wa msituni, sio gorila, ila mtoto wa gorila akipitisha mkono anavuta, unakaza, na asipopatikana mtu kama wewe wa kumpiga sindano ya usingizi akaukata, mkono unaoza. Na mama yake anazaa mmoja kila miaka minne hivi, sio mbuzi huyo.

Hawa gorila wa Grauer wako Congo tu, kwingine porini hawapo. Miaka ya 1990 walikadiriwa karibu 17,000, vita ikaja, bunduki zikajaa, wachimba madini ya koltani wakaingia msituni wakataka nyama, 2016 ikasemwa wamebaki 3,800. Mwaka 2021 likatoka kadirio la 6,800 watu wakashangilia kama vile wamezaana, kumbe ni hesabu tu imefanywa vizuri zaidi. Wanahesabiwa kwa viota, maana kila jioni gorila anajitandikia kitanda kipya, mtoto ndo analala na mama.

Sasa Daktari, waya huu umetoka vijijini kwetu na nyama yake wengine tumeila, so kumlaani aliyetega hatuwezi. Na ndugu zetu Wabambuti, wenyeji wa msitu, walitolewa mule hifadhi ya Kahuzi-Biega miaka ya 1970, mpaka leo wengi hawana shamba, utamwambiaje mtu huyo aache kuchoma makaa?

Tunaomba miche ya kuni. Kuna watu waliwahi kutuahidi, tukachimba mashimo kabisa, miche haikufika, mashimo bado yako nyuma ya choo na mbuzi wa mama mpishi ashaanguka humo. Pia utufundishe, mtu akikuta mtego amwambie nani bila kuonekana msaliti kwao.

Waya tunakukabidhi, ondoka nao. Chai iko tayari, viazi vimepoa kidogo, utusamehe.