Kabla hujamjibu daktari kuhusu hizo sindano

Kaka,

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, usingizi ukakata. Hali hiyo naijua. Umefanyiwa operesheni ya tezi dume, umeteseka na mpira wa mkojo, umehangaika na pedi miezi kadhaa, alafu PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ambayo ilitakiwa isionekane kabisa inaanza kupanda kidogo kidogo. Yangu ilipofika 0.3 nilikaa kwenye gari na kile kikaratasi cha maabara mpaka kikalowa jasho la mikono.

Sasa daktari anataka upigwe mionzi pamoja na sindano za kushusha testosteroni, ile homoni ya kiume, na wewe umeniuliza kwa nini mionzi peke yake haitoshi. Nilivyoelewa mimi, mionzi inapigwa pale tezi ilipokuwa, ila chembe za saratani zinategemea testosteroni ndo zikue, ukizinyima zinadhoofika na mionzi inazipata vizuri, hata zile zilizojificha kwingine nazo zinabanwa. Kwahiyo kaka usidhani wamekukatia tamaa, hapo bado wanatafuta kukuponya.

Ila muulize daktari sindano utachomwa kwa muda gani, nakuomba sana. Mi nilikubali tu bila kuuliza, nikaja kujua baadae kumbe miezi 6 na miaka 2 ni vitu viwili tofauti kabisa. Kuna utafiti mkubwa wa sindano hizi pamoja na mionzi, unaitwa RADICALS, majibu yalitoka 2024. Walilinganisha sindano za miezi 24 na za miezi 6, baada ya miaka 10 waliokuwa hai bila saratani kusambaa walikuwa 78 kwa 100 upande wa miezi 24, na 72 upande wa miezi 6. Lakini miezi 6 ikilinganishwa na kutotumia sindano hizo kabisa, kwenye hilo la kusambaa tofauti haikuonekana. Unaona? Ndo maana lazima akuambie kwa PSA yako, kwa Gleason yako, yaani alama ya ukali wa saratani, na kama kwenye kingo za ile nyama waliyokata saratani ilibaki, wewe unaangukia wapi. Mwenye PSA ndogo sana na saratani isiyo kali anaweza asihitaji.

Maana sindano zina gharama yake mwilini. Joto linakupanda ghafla usiku, mi nilikuwa nabadilisha shuka saa nane, nakaa kitandani shati limenata mgongoni. Uchovu, kitambi, hamu ya tendo inapotea kabisa, na hili mwambie shemeji mapema kabla hujaanza, mi nilinyamaza akadhani simtaki tena, iliniuma sana. Mifupa pia inapungua nguvu, uliza kipimo chake, na ujilazimishe mazoezi ya kunyanyua vitu hata vyepesi.

Mionzi yenyewe haiumi, ni dakika chache tu, kazi ni kukaa kwenye benchi na kibofu kimejaa ukisubiri jina lako.

Siku ya kliniki nitumie saa, nakuja tuingie wote, mi nitashika kalamu niandike anayosema.