Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka 2025: Pointi Tatu Tulizokata

Ndugu wanachama wenzangu,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale ambao tangu Agosti hamuitikii salamu yangu, nawasalimu mara mbili.

Kwa kawaida naanza na hesabu, maana najua ndizo zinazowaleta mkutanoni mapema. Safari hii nimezipeleka mwisho. Tangu bonanza letu liishe watu wanakaa makundi makundi kwenye banda letu la kutazamia mpira, hata mechi kubwa ya Jumapili utaona benchi la mbele lina nafasi na wengine wamesimama ukutani. Aliyesababisha ni mimi, kwa kuwa kura yangu ndiyo iliyoamua.

Kwa faida ya mliokuwa safarini: moja ya timu nane za bonanza ni ya vijana wa kijiwe cha bodaboda. Mfadhili wao aliwachangisha shilingi elfu tano tano za ada ya ushiriki, hela akakaa nayo. Katibu alimwandikia mara mbili. Mara ya kwanza alijibu kwamba mzigo upo, tusiwe na wasiwasi. Mara ya pili simu haikupatikana. Kanuni yetu inasema timu isiyolipa mpaka mechi ya pili ikatwe pointi 3. Kamati iligawanyika nusu kwa nusu, nami nikaegemea kanuni. Vijana walishinda mechi mbili kati ya tatu, wakabaki na pointi 3, wakaikosa nusu fainali kwa pointi moja.

Siku mbili baadaye mshambuliaji wao alikuja nyumbani. Hakuja kugomba. Alinipa daftari la shule lenye majina ya wachezaji, kila jina limewekewa tiki na saini mbele ya 5,000. Akasema, "Mzee, sisi tulilipa," akaondoka. Nililisoma lile daftari usiku ule na sikupenda nilivyojisikia.

Ndipo nikaanza kufikiria mambo ambayo sisi wenyewe tumeyabishania bandani miaka yote, ila tulikuwa tunayabishania kwa kuwa yanatokea Uingereza na hayatuumi.

Mnakumbuka Aprili 2021. Ilikuwa Ramadhani, Jumapili tarehe 18, habari zikaanza kuvuja kwamba klabu 12 za Ulaya zinaanzisha ligi yao, sita kati yake za Uingereza: Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham. Ligi ambayo waanzilishi wake hawashuki daraja hata wakifungwa mwaka mzima. Mwanachama wetu mmoja wa Chelsea alitaka kuichana jezi yake, akakumbuka bei. Jumanne usiku mashabiki wa Chelsea walijaa barabarani nje ya uwanja wao, Stamford Bridge, kabla ya mechi na Brighton, mpaka kipa wao wa zamani, Petr Čech, akatoka kuwaomba wapishe. Usiku uleule klabu zote sita za Uingereza zikaanza kujitoa. Juni, Ligi Kuu ya Uingereza ikakubaliana nazo zilipe paundi milioni 22 kwa pamoja, na kwamba ikijaribu tena, klabu italipa milioni 25 na kukatwa pointi 30.

Milioni 22 kwa klabu sita ni kama milioni tatu na nusu na kidogo kila moja. Hapo bandani tulipiga kelele kwamba hiyo si adhabu, ni hela ya chai, wakatwe pointi sasa hivi. Nami nilikuwa katika wapiga kelele, na ninyi mnajua mimi ni mtu wa Manchester United tangu ujana. Leo nayaona tofauti. Ile ligi haikuuliwa na FIFA wala na wanasiasa peke yao. Waliofunga barabara walikuwa wenye klabu kwa mapenzi. Ukiikata Chelsea pointi kwa ajili ya tamaa ya tajiri, umempiga kibao yuleyule aliyekuja kumzuia mwizi.

Lakini sasa tazameni klabu ndogo. Wigan Athletic ilibadilisha mmiliki mwaka 2020, na wiki chache tu baadaye, tarehe 1 Julai, ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Wachezaji wakaendelea kupambana, wakaifunga Hull City 8-0 katikati ya Julai. Walivuna pointi 59, ambazo zingewaweka katikati ya msimamo. Wakakatwa 12 kwa kufilisika, wakashuka daraja. Najua ni ligi mbili tofauti zenye kanuni tofauti, msinisahihishe mkutanoni. Ninachosema ni kwamba tajiri mwenye misuli hulipia tamaa yake kwa hela, na klabu nyonge huilipia kwa pointi.

Mjumbe mmoja wa kamati, ambaye namheshimu sana na alipiga kura pamoja nami, aliniambia: mwenyekiti, ukianza kuwaonea huruma mashabiki, kila tajiri atajificha nyuma yao. Hoja hiyo ina uzito, na aliyenionyesha uzito wake ni yule mshambuliaji wa Argentina, Carlos Tevez.

Mwaka 2007 West Ham ilikutwa imevunja kanuni katika usajili wa Tevez na Javier Mascherano, ambao haki zao zilishikiliwa na watu wa nje ya klabu. Tume ya Ligi Kuu ikaitoza faini ya paundi milioni 5.5. Pointi haikuzigusa, na moja ya sababu zake ilikuwa kwamba wachezaji na mashabiki hawana hatia. Maneno mazuri kabisa. Tevez akaendelea kucheza. Siku ya mwisho ya msimu West Ham ilikwenda Old Trafford, kwa Manchester United, ikashinda 1-0, mfungaji Tevez. Ikamaliza na pointi 41. Sheffield United ikamaliza na 38, ikashuka. Baadaye West Ham ilikubali kuilipa Sheffield United fidia, ila fidia haikurudishi daraja la juu. Mashabiki wa Sheffield nao walikuwa hawana hatia, na hakuna aliyewataja kwenye ile hukumu.

Kwa hiyo anayesema "klabu isiadhibiwe kamwe kwa makosa ya tajiri" namwambia apande treni akaongee na watu wa Sheffield.

Hata kanuni ya kukata pointi klabu iliyofilisika haikuletwa na watu wenye roho mbaya. Leicester City iliwekwa chini ya msimamizi Oktoba 2002, ikiwa imehamia uwanja mpya, madeni yake mengi yakapunguzwa, na msimu uleule ikapanda kurudi Ligi Kuu. Klabu nyingine zilizokuwa zinabana matumizi zilipe mishahara kwa wakati zilibaki zimeduwaa. Ukiruka deni na bado ukapanda daraja, wewe umefaidi uwanjani kwa hela ya watu. Baada ya hapo ndiyo ikaja adhabu ya pointi 10, ambayo sasa ni 12.

Baada ya kuyapima haya yote kwa miezi mitatu, mke wangu akiwa shahidi wa kukesha kwangu, kipimo nilichobaki nacho ni swali moja: je, tamaa ya tajiri iliingia uwanjani? Kama alileta mamluki, kama alisajili kwa hela asiyokuwa nayo na wenzake wakafungwa kwa sababu hiyo, basi pointi zile hazikuwa halali na zitoke. Kama tamaa yake iliishia mfukoni mwake, na timu haikunufaika hata kona moja, basi mfukoni mwake ndiko adhabu iende.

Kijaribuni kipimo hiki kwa Derby County, msimu wa 2021/22. Tajiri wao, Mel Morris, aliwahi kuuza uwanja wa Pride Park kwa kampuni yake mwenyewe kwa paundi milioni 81 ili vitabu vipendeze. Klabu ilikatwa pointi 12 kwa kufilisika, halafu 9 kwa kuvunja kanuni za mahesabu. Jumla 21. Kocha Wayne Rooney na vijana wake walichuma pointi 55 kwa jasho, wakaandikiwa 34, wakashuka. Mimi zile 9 naziunga mkono, kwa kuwa mahesabu yale yalihusu matumizi yaliyowasaidia kushindana. Zile 12 za mwisho wa njia, wakati timu inaruhusiwa kusajili kwa kijiko na wafanyakazi hawajui kesho yao, sizioni haki yake. Kwa kukatwa 9 peke yake wangemaliza na 46, na aliyenusurika wa mwisho, Reading, alikuwa na 41. Mashabiki wa Reading wanisamehe.

Na Bury ndiyo inayoniuma kuliko zote. Klabu ya mwaka 1885, bingwa wa Kombe la FA mara mbili, mwaka 1900 na 1903. Ile ya pili waliifunga Derby 6-0 kwenye fainali. Desemba 2018 ikauzwa kwa paundi moja. Moja, ndugu zangu, haifiki nauli ya bodaboda ya kwenda mjini na kurudi. Mnunuzi, Steve Dale, baadaye alisema hadharani kwamba hata hakuwa akijua kuna timu inaitwa Bury. Wachezaji walicheza miezi bila mshahara na bado wakapanda daraja masika ya 2019. Agosti mashabiki walikwenda Gigg Lane na mafagio na ndoo kusafisha uwanja, wakiamini mnunuzi mpya yuko njiani. Tarehe 27 Agosti klabu ikafukuzwa kwenye ligi. Aliyefagia na aliyeharibu walipewa hukumu moja, ila aliyeharibu hakuwa na cha kupoteza pale.

Waingereza wenyewe wameliona. Ukaguzi ulioongozwa na mbunge Tracey Crouch baada ya sakata la 2021 ulipendekeza msimamizi huru wa soka, na sheria ikapita Julai 2025. Inampa uwezo wa kuwapima matajiri kabla ya kuingia, na kuwatoa wasiofaa. Imechelewa kwa wengi. Oktoba 2025 Sheffield Wednesday, baada ya miezi ya mishahara kuchelewa, iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi na kukatwa 12. Mashabiki waliokuwa wamesusia duka la klabu ili tajiri asipate hata senti yao walirudi kupanga foleni alipoondoka. Walifurahi, walikuwa mkiani, na si wao walioziweka hizo 12 hasi.

Kuna atakayesema mambo ya Wazungu hayatuhusu. Sisi tunaotoka matawini, Simba na Yanga, tumezoea kwamba timu ni ya mwanachama mwenye kadi. Tangu mjadala wa hisa uanze tumeambiwa wanachama wabaki na asilimia 51. Asilimia hizo zina maana siku tajiri akikosea na wewe ukaweza kumuuliza. Kama huwezi kumuuliza, halafu akikosea unakatwa wewe, kadi ni karatasi.

Sasa turudi kwetu. Kwa kipimo nilichokieleza, kura yangu ya Agosti ilikuwa ya kimakosa. Mfadhili hakuleta mamluki, hakununua refa. Alikula ada za vijana, timu haikupata faida yoyote. Tulipaswa kumfungia yeye na kuwaacha vijana wacheze, ada tukaidai kwake kupitia serikali ya mtaa. Nawaomba radhi vijana wale kwa maandishi haya. Nusu fainali siwezi kuwarudishia. Kombe limeshachukuliwa na timu iliyolishinda kihalali, na kumpokonya huyo itakuwa kuzidisha kosa la kwanza.

Kamati inaleta mapendekezo matatu mkutanoni. Kila mfadhili aweke dhamana kwa mweka hazina wiki mbili kabla ya bonanza, na faini zote zitokane na hiyo. Ada ya mchezaji ipokelewe na katibu moja kwa moja, kwa risiti, isipitie mkono wa mfadhili. Pointi zikatwe kwa mamluki, kwa kuchelewa uwanjani na kwa vurugu, basi. Wajumbe wawili wamepinga pendekezo la tatu, nao watapewa muda wa kusema.

Hesabu kwa ufupi. Ada za mwezi zimelipwa vizuri mpaka Juni, kisha zikalegea, na mnajua sababu. Kifurushi cha king'amuzi kimekula hela nyingi kuliko kitu kingine chochote, genereta inafuata. Tumechangia misiba miwili na harusi moja. Spika ya kushoto bado inakoroma. Mweka hazina atasoma tarakimu zote, na vitabu viko wazi.

Mkutano ni Jumapili saa nne asubuhi, palepale bandani. Wenye mechi ya saa tisa msihofu, tutamaliza.

Lile daftari liko kwa katibu. Anayetaka kuliona kabla ya kupiga kura alipitie. Majina ni 16, na saini zote zipo.

Wenu katika mchezo,
Mwenyekiti