Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Micheweni: hawa wote wanalala wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa upande wa Kiuyu, na ninakuandikia kuhusu hesabu ya watu na nyumba zao.

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Kaskazini Pemba na watu 211,732. Ya 2022 ikaukuta na 272,091. Walioongezeka ni 60,359. Wanalala wapi?

Jawabu naliona kila jioni. Kijana akioa, baba humuongezea chumba ubavuni mwa nyumba ileile ya fito na udongo. Watoto wakizidi, hujengwa kibanda uani. Mpita njia ataona nyumba moja, pengine imeezekwa bati, aseme hawa wamejaaliwa. Ndani mna familia tatu na choo kimoja.

Hesabu ya mkoa mzima haionyeshi hayo. Mkoa una wilaya mbili, Wete na Micheweni, na hata ndani ya Micheweni ardhi si moja. Pemba inasifiwa kwa karafuu, lakini mkarafuu unataka udongo wenye kina. Kwetu mashariki ni maweni, jembe halishuki ila limegonga jiwe. Tunaishi kwa bahari, mwani na kokoto. Mabati mengi unayoyaona huku yamenunuliwa kwa mwani wa akina mama, na bei ikianguka ukuta hubaki usawa wa kifua miaka. Wanaoponda kokoto ni mama zetu pia, juani, na gari ikishapakia huondoka kwenda kujenga kwengine. Hilo linaniuma kuliko yote.

Tena, katika sensa ya 2022 watu walihesabiwa pale walipolala usiku wa kuamkia 23 Agosti. Agosti wavuvi wetu wengi wako dago, yaani kambi za uvuvi mbali na kwao, na wengine wamehamia mashambani kuchuma karafuu. Kuhesabiwa huko ni sawa, ndivyo sensa inavyotaka. Lakini wake zao, watoto wao, skuli na maji wanayoyahitaji viko huku.

Naomba hesabu za makaazi zibandikwe kwa kila sheha, kwa Kiswahili: vyumba vingapi, watu wangapi, maji yanatoka wapi, nyumba inakula kwa kazi gani. Wananchi waitwe, wazisome, waseme palipokosewa. Halafu vijana wapimiwe viwanja kwenye ardhi ya mawe isiyolimika, kabla hawajaanza kujenga mabondeni kwenye mpunga. Hilo la mabonde lisisubiri bajeti nyengine, kwani bonde likishajengwa halirudi.

Mheshimiwa, ukipata nafasi njoo mwenyewe. Nitakupitisha uani, maana ukisimama barazani huwezi kuyaona haya.

Wako katika ujenzi wa wilaya,
Mkaazi wa Kiuyu, Micheweni, Pemba