Yai ningekupa, siri siiwezi

Manchester, 14 Septemba 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, wanao wanakua, baridi ndiyo imeanza kupiga hodi. Natumai mguu wa mama umepata nafuu na shemeji kamaliza kupuliza mikorosho. Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu naijua nyumba yetu ya Newala: ujumbe wa sauti ukifunguliwa chumbani, jikoni wanaitikia. Barua atakuletea mtoto wa jirani yetu wa zamani anayekuja likizo. Isome peke yako kwanza.

Ujumbe wako niliusikiliza ndani ya basi nikitoka kazini. Nilishuka vituo viwili kabla ya kituo changu ili nilie nikitembea. "Dada, nipe yai lako, na asijue mtu." Maneno 7 tu, nami nimekaa nayo wiki tatu. Usidhani nilikuwa nakukwepa.

Nianze na daktari. Karatasi ya vipimo uliyonipigia picha nimeisoma, na nimemwonyesha mtu anayejua kuliko mimi. Daktari hakukosea: akiba yako ya mayai imekwisha, nawe una miaka 31. Hii si laana. Hukufungwa na mtu, wala si vile vidonge vya uzazi wa mpango ulivyomeza miaka miwili ya mwanzo wa ndoa. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na wako ambao huwaishia kabla ya miaka 40. Mara nyingi hata madaktari hawaioni sababu. Wachache hushika mimba wenyewe baada ya kuambiwa hivyo, ila usiupange mwaka wako juu ya hilo. Zile chupa za kuzibua mirija ulizonunua kwa pesa ya korosho msimu wa juzi sitakusimangia. Mirija yako haikuwa imeziba. Usinunue nyingine, basi.

Lakini kuna jambo ambalo naona hakuna aliyekuambia. Hedhi ikikoma mapema hivi, mifupa na moyo navyo hukosa homoni iliyokuwa ikivilinda. Muulize daktari habari ya dawa za homoni, hata kama kesho utaamua kwamba mtoto hutafuti tena. Hili usiliweke kiporo, nakuomba.

Na ile video uliyonitumia, ya watoto wa Newcastle waliopatikana kwa mayai ya wanawake wawili, ni kweli. Sheria ya huku iliruhusu njia ile mwaka 2015, na Julai mwaka huu madaktari wametangaza kwamba wamezaliwa watoto 8. Ila imewekwa kwa ajili ya mama mwenye ugonjwa wa kurithi katika mitokondria, vile vijisehemu vinavyoipa seli nguvu. Wanachukua kiini cha yai lake mwenyewe na kukihamishia katika yai la mwanamke mwingine. Pasipo yai la kwako, hakuna cha kuhamisha. Ningefurahi kukuandikia kinyume cha hapa.

Sasa tuje kwenye yai langu. Yule dalali wa Dar anayekutafutia mtoa yai anasema "wanachukua yai" kama mtu anayeokota chini ya kuku. Ngoja nikuonyeshe, maana hii ndiyo kazi ninayoishika kila siku hapa kliniki ya uzazi. Mtoaji anajichoma sindano tumboni siku 10 hadi 12 ili mayai mengi yakomae pamoja. Wako wanaojaa maji tumboni wakavimba, na wachache hulazwa. Siku yenyewe anapewa dawa ya usingizi, daktari anapitisha sindano ndefu ukeni huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha altrasaundi, anavuta maji ya kila kifuko kwenye kichupa chenye joto la mwili. Maji yale yana rangi ya juisi ya mabibo iliyodondokewa na damu. Nakipokea kichupa, nakipitisha haraka kwenye kidirisha kidogo cha maabara kabla hakijapoa. Upande wa pili mtu kainamia darubini. Chumba kizima kinanyamaza mpaka tusikie: "Moja." Halafu, "Mbili." Na kila chombo kinapobadilishwa, watu wawili wanasoma kwa sauti jina na namba iliyoandikwa, mmoja anasoma, mwenzake anahakiki. Nilipoanza kazi niliona ni kupoteza muda. Siku hizi najua kwamba kukosea jina moja pale ni kumkosesha mtu ukoo wake mzima.

Mtoto wa kwanza wa njia hii ya kulirutubisha yai maabara, Louise Brown, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978 hapa jirani, Oldham; naenda kwa tramu. Wakati ule hapakuwa na sheria yoyote. Serikali iliunda kamati chini ya mwanafalsafa Mary Warnock, ikatoa ripoti mwaka 1984, na Bunge likapitisha sheria mwaka 1990. Miaka 12 mdogo wangu, wanasheria, madaktari, wanafalsafa na watu wa dini wakibishana juu ya maswali ambayo wewe umeniuliza kwa maneno 7. Mama ni nani: mwenye yai au mwenye tumbo? Wakaandika wazi kwamba aliyembeba mtoto na kumzaa ndiye mama, yai liwe la nani. Kwa karatasi za huku, mtoto angekuwa wako moja kwa moja, mimi nisiwe na dai hata la ukucha wake.

Kwetu Tanzania bado hatuna sheria mahsusi ya mambo haya. Ila tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kifungu chake cha 6 kinasema mtoto ana haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake wa kibaiolojia na ndugu zake. Nimekisoma mara nyingi kifungu kile. Waliokiandika huenda walikuwa wanawafikiria akina baba wanaokana mimba, lakini maneno yake yanamfikia hata huyu mtoto wetu ambaye hajapatikana.

Kwa hiyo yule dalali achana naye. Anakwambia kuna binti wa chuo, mrefu, mweupe kiasi, atatoa yai kwa malipo na hakuna atakayejua. Huku kuuza yai ni kosa; mtoaji hupewa fidia ya pauni 985 kwa usumbufu na nauli, si bei ya mtoto. Na mbegu au mayai ya mtu mmoja hayaruhusiwi kuzidi familia 10, na kuna daftari la serikali linalohesabu. Binti wa dalali nani anamhesabu? Leo atatoa kwako, kesho kwa mtu wa Masasi, keshokutwa Lindi. Sisi ambao kijana akileta mchumba, swali la kwanza la mjomba ni "mama yake ukoo gani?", tutajibu nini siku watoto wawili wa yai moja wakipendana?

Naye shemeji umemfanya kama mwenye shamba asiyejua kilichopandwa. Ulisema atatoa mbegu zake akidhani ni kwa yai lako. Hapana. Kuna mwanamke wa huku, Natallie Evans, aliyegundulika na uvimbe wa ovari ulioelekea saratani. Kabla hazijaondolewa, mwaka 2001, yeye na mwenzake walitengeneza viinitete 6, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vikagandishwa. Mwaka uliofuata wakaachana, mwanamume akaondoa ridhaa yake. Mama yule alipigania mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 10 Aprili 2007 akashindwa, majaji 13 kwa 4. Vile ndivyo vilivyokuwa viinitete vya mwisho alivyoweza kuvipata duniani. Kila nikimkumbuka namwonea huruma, na kila nikimkumbuka naona mahakama haikuwa na njia nyingine, maana huwezi kumfanya mtu baba kwa nguvu. Basi utamfanyaje baba kwa udanganyifu? Shemeji amevumilia miaka 8 ya maneno ya mama yake, hajakugeuka. Mtu wa namna hiyo anastahili kuambiwa.

Limebaki lililonikosesha usingizi. Sisi ni Waislamu. Baraza la fikihi, yaani sheria za dini, la nchi za Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 liliruhusu mbegu ya mume na yai la mkewe, ndani ya ndoa, irudishwe katika tumbo la mke huyo huyo. Mtu wa tatu likamkataza, awe mtoa yai, mtoa mbegu, au mbeba mimba, hata akiwa mke mwenza. Najua wako wanazuoni wa Kishia wanaoruhusu yai la mwingine, lakini sisi si wafuasi wao, na sitaki tuchague dhehebu kama tunavyochagua kitenge. Halafu fikiria: mbegu ya mumeo na yai la dada yako wa tumbo moja, wakati Kurani inamkataza mwanamume kuwakusanya ndugu wawili katika ndoa. Hapana ndoa hapa, najua, na hatutagusana. Hata hivyo moyo wangu unasita. Mimi sina elimu ya kulikata jambo hili. Nendeni wewe na shemeji kwa sheikh mnayemwamini, mumweleze kisa chote, pamoja na yai kuwa ni langu. Msimpe nusu ya habari ili mpate fatwa mnayoitaka. Akisema hapana, nami nitasimama na hapana hiyo, kwa sababu sitaki umpate mtoto ambaye kila sala utakuwa unamwombea toba.

Akisema ndiyo, yai langu utalipata, siku hazijanitupa sana. Nitachoma sindano zangu, nitaomba ruhusa kazini. Siri ndiyo sitaiweza.

Kuna mama mmoja alikuja kliniki mwaka jana, mtu mzima kunizidi. Hakuja kutibiwa, alikuja kuuliza kama kuna majalada ya zamani. Watoto wake walimnunulia zawadi ya Krismasi, kile kipimo cha vinasaba cha kutemea mate kichupani. Majibu yakamwonyesha kwamba baba aliyemlea na kumzika hakuwa baba wa damu. Wazazi wote wawili wameshakufa, hana wa kumuuliza. Alikaa kwenye kiti kile cha mapokezi na mkoba mapajani, akawa anafungua zipu na kufunga, anafungua na kufunga. Aliniambia hasikitikii mbegu za mtu mwingine. Anasikitika kwamba meza nzima ya chakula walikuwa wanajua, yeye peke yake hajui. Huku sheria imeshaligeuza jambo hili: aliyetoa mbegu au yai tangu tarehe 1 Aprili 2005 hawezi kubaki bila jina, mtoto akitimiza miaka 18 anaweza kuomba aambiwe. Wa kwanza walifikia umri huo mwaka 2023.

Na sisi tunahitaji sheria ya Waingereza kutufundisha hilo? Mama yetu alizaliwa na bibi, akalelewa Kitangari na dada yake bibi ambaye hakujaliwa. Aliachishwa ziwa, akapelekwa. Hakuna aliyemficha. Alikuwa akisema "mama wa Kitangari" na "mama wa Newala", na siku mama wa Kitangari alipofariki, bibi ndiye aliyemshika mkono binti yake akasema kwa sauti mbele za watu, "Huyu ndiye mfiwa." Nilikuwa na miaka 9, nakumbuka mpaka rangi ya kaniki aliyovaa.

Tazama lugha yetu ilivyo. Mtoto wako, hata bila yai langu, angeniita mama mkubwa. Na ukoo wetu unakwenda kwa mama, kwa hiyo yai liwe langu au lako, mjomba atamhesabu palepale kwenye mstari uleule. Hakuna kinachohitaji kufichwa isipokuwa aibu, na aibu yenyewe sijui ni ya nani. Mtoto anaweza kuambiwa akiwa mdogo, kwa maneno madogo, kama mama alivyoambiwa habari ya Kitangari. Asingoje kuambiwa na kichupa cha mate.

Kama itakuwa hapana, bado kuna njia ya Kitangari. Wanao hawa wa Manchester wamekwisha kuwa wakubwa, hawatoki. Lakini kaka ana watano, na wa mwisho anakupenda wewe kuliko mama yake. Sikusukumi. Nalitaja kwa sababu najua umeshaliwaza usiku, ukajizuia usilitamke.

Nimekata tiketi ya Desemba, mauzo ya korosho yakiwa yametulia kidogo. Mwambie mama anitafutie ming'oko. Nikifika nataka tukae barazani, wewe, shemeji na mimi, halafu tumwite mjomba. Ukiona vigumu kuanza kuzungumza na shemeji kabla ya hapo, usihangaike kutafuta maneno. Ukimaliza kusoma barua hii usiichane. Mpe na yeye aisome.

Wako,
Dada