Kaka, kabla hatujauza shamba la Ahero

Kaka yangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani kwa idhini yako. Tangu picha ya pampu ya moyo izunguke kwenye kundi letu la familia, nimepigiwa simu na watu watatu wasio wa ukoo wetu, kila mmoja akiwa na mgonjwa nyumbani, na kila mmoja akiniuliza swali lile lile ulilouliza wewe: je, kweli ipo mashine inayoweza kuufanyia moyo kazi yake? Ipo. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31, mingi katika wadi za Kisumu na za hapa Nakuru, na sitakuficha lolote ninalolijua. Ninachokuomba ni kwamba shamba la Ahero, mnalotaka kuliuza ili uwekewe pampu hiyo, lisitafutiwe mnunuzi kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho, wewe na wifi yangu, mkiwa mmekaa pamoja.

Kwanza tuondoe mkanganyiko uliozuka kwenye kundi. Binamu yetu aliyeko Marekani alipoandika habari za pampu, Baba Mdogo alijibu kwamba anamfahamu mzee wa Kakamega aliyewekewa betri ya moyo akarudi kuchunga ng'ombe wake. Hivyo ni vifaa viwili tofauti kabisa. Betri ya moyo hupachikwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, nayo hupeleka umeme mdogo wa kuukumbusha moyo upige unapochelewa. Mtu wa kwanza kupandikizwa betri hiyo alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, mwaka 1958. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20 na akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na miaka 86. Ipo pia aina ya betri inayozisaidia pande mbili za moyo kupiga kwa pamoja, na baadhi ya wenye moyo dhaifu huwafaa sana, kutegemea mchoro wa umeme wa moyo wao unavyoonyesha. Muulize daktari wako kuhusu hiyo. Lakini haisukumi damu, na shida yako ni kusukuma. Picha ya eko uliyopigwa, ile ya kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti, inasema chumba cha chini cha kushoto kinatoa asilimia 20 tu ya damu inayokijaza kwa kila pigo, ilhali moyo wenye afya hutoa kati ya asilimia 55 na 70.

Nadhani unakumbuka siku ile niliyokubonyeza mguu, juu kidogo ya kifundo. Nilihesabu hadi tano, nikaondoa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale kama alama ya kidole kwenye ugali uliopoa, nasi sote tukaliangalia bila kusema neno. Usiku huo ulilala umeegemea mito mitatu. Moyo usipoipeleka damu mbele, damu hurundikana nyuma, na maji hujipenyeza mapafuni na miguuni. Hilo ndilo tunalopigana nalo.

Pampu inayozungumzwa imetengenezwa kwa titani, ina uzito wa takriban gramu 200, na inaweza kufumbatwa kiganjani. Mpasuaji hufungua kifua na kuishonea kwenye ncha ya chini ya moyo, kisha huunganisha mrija wake na aota, yaani mshipa mkuu unaoigawa damu mwilini. Ndani yake mna gurudumu dogo linaloelea kwa nguvu za sumaku bila kugusa ukuta wowote, likizunguka maelfu ya mara kwa dakika, na linaweza kusukuma hadi lita 10 za damu kwa dakika moja. Moyo wenyewe hauondolewi. Unabaki mahali pake ukiendelea kupiga kadiri unavyoweza, huku pampu ikiinyonya damu kutoka chumba cha kushoto. Upande wa kulia, unaopeleka damu mapafuni, hausaidiwi. Kama upande huo nao umechoka, pampu ya kushoto huuletea damu nyingi kuliko unavyoweza kuihimili, na ndiyo maana wapo wagonjwa wanaoambiwa kwamba haiwafai hata kama fedha wanazo.

Safari ya kufika hapo imekuwa ndefu. Mwaka 1982, katika jiji la Salt Lake City, daktari wa meno aitwaye Barney Clark aliwekewa moyo mzima wa kutengenezwa, akaishi siku 112 akiwa amefungwa kwa mabomba kwenye mtambo mkubwa wa hewa ambao hangeweza kuubeba popote. Mwaka 2000, huko Oxford, Mwingereza Peter Houghton aliwekewa pampu ndogo ambayo umeme wake ulipitia soketi iliyofungwa kwenye fuvu, nyuma ya sikio, naye akaishi zaidi ya miaka 7. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulihusisha wagonjwa 129 ambao moyo wao ulikuwa umefika ukingoni na ambao hawangeweza kupandikizwa moyo mwingine; baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya waliowekewa pampu walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 25 ya waliopewa dawa peke yake. Kwa pampu ya sasa ya sumaku, waliokuwa hai baada ya miaka mitano ni kama asilimia 58. Zisome tarakimu hizo polepole, Kaka. Ni miaka mingi ya uhai iliyookolewa, na wakati huo huo ni watu wanne katika kila kumi ambao hawakufika. Yeyote anayekupa nusu moja ya habari hii hakutendei haki.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Nyote mnazungumzia siku ya upasuaji: nani atasafiri nawe, harambee itafanywa lini, shamba litaleta kiasi gani. Mimi nawaza usiku wa mwaka wa pili, hapo nyumbani kwako Ahero.

Pampu hiyo haina betri ya ndani ya kuiendesha. Waya hutoka kwenye pampu, hupita chini ya ngozi na kutokea tumboni kupitia tundu lisilofungika maisha yote, kisha huunganishwa na kisanduku cha kuiongoza unachokivaa kiunoni. Kisanduku hicho hupata umeme kutoka kwa betri mbili unazotembea nazo, ambazo zikijaa huchukua kati ya saa 10 na 17 kutegemea mwili wa mtu na kazi ya pampu. Usiku mtu hushauriwa kuunganishwa na umeme wa ukutani, ili asije akalala fofofo betri zikamwishia. Kila kitu kikikatika, akiba iliyomo kisandukuni ni ya dakika 15 hivi.

Unajua mvua za masika zinavyoifanya Nyando. Mwaka 2024 maji yalipofurika, mlikaa siku ngapi bila umeme? Mimi binafsi nilijifunza maana ya dakika katika hospitali moja ambayo sitaitaja, usiku ambao umeme ulikatika na jenereta ikakataa kuwaka. Nilikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipumulia mashine ya oksijeni. Mashine ililia mlio mmoja mrefu, ikanyamaza, na kwa mwanga wa simu ya mwenzangu nilimwona yule mama akinitazama usoni, ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, hadi mtungi wa oksijeni ulipoletwa kutoka wadi nyingine. Tulimwahi. Tangu siku hiyo, kila ninaposikia kifaa chochote cha kumweka mtu hai, swali langu la kwanza huwa ni kuhusu ukuta kinapochomekwa.

Kuna tundu la waya pia. Linapaswa kusafishwa na kufungwa bendeji safi na mtu aliyefundishwa, kwa glavu na barakoa, kwani vijidudu vikiingia hapo hufuata waya hadi ndani, na usaha wa huko ni mgumu mno kuutibu. Hutaogelea tena wala kuingia kwenye maji ya shamba la mpunga hadi kiunoni kama ulivyozoea. Utameza wafarini kila siku, ili damu isigande ndani ya pampu na kukuletea kiharusi, na damu yako itapimwa mara kwa mara, kwa sababu ikiwa nyepesi kupita kiasi utavuja tumboni au kichwani. Hata sukuma wiki na kunde zina neno hapo: vitamini K iliyo kwenye majani hayo hupunguza nguvu ya wafarini, kwa hiyo anayeimeza huambiwa ale mboga kwa kiasi kile kile kila wiki, asizifungie mwezi mzima kisha azile kwa pupa.

Jambo moja zaidi, na hili hakuna aliyelitaja. Kwa kuwa pampu huisukuma damu mfululizo, wengi wanaoivaa hawana mapigo yanayosikika kwenye kifundo cha mkono, na mashine ya kawaida ya presha mara nyingi hushindwa kuwapima. Ukizirai sokoni ukakimbizwa kwenye zahanati ya karibu, mhudumu mwema asiyewahi kuiona pampu hiyo atakushika mkono, akose mapigo, na adhani umekwisha. Familia nzima, majirani na wahudumu wa hapo wangelazimika kufundishwa kabla hujatoka hospitalini.

Siipingi pampu. Laiti ungekuwa unaishi karibu na kituo chenye timu inayoifahamu, umeme usiotetereka, na ungekuwa umetumia dawa zote kwa kipimo kamili bila nafuu, ningekuwa wa kwanza kuchanga. Lakini hapo kwenye dawa, Kaka, nitasema ukweli kwa heshima zote. Nilipofungua kopo lako nilikuta kavedilolo, moja ya dawa zako za moyo, ya miezi miwili ambayo haijaguswa, na wifi akaniambia kwamba ile ya kukojoa unaiacha kila siku ya kusafiri kwa matatu. Ile ya presha uliikatiza ulipohisi kizunguzungu, na hukumwambia daktari. Siku hizi dawa za moyo dhaifu ni za aina nne zinazotumiwa pamoja, zikiwemo zile zilizoanza kama dawa za kisukari, na zikiongezwa taratibu kwa wiki kadhaa hadi kufikia kipimo kinachofaa, moyo wa mtu mwingine huinuka kutoka asilimia 20 hadi 35 au zaidi. Hatujui wako ungefika wapi, kwa sababu bado hatujaujaribu.

Kwa hiyo nimeomba tuonane na daktari wa moyo tukiwa watatu, wewe, wifi na mimi. Nitamuuliza hali ya upande wa kulia, kama betri ya kuoanisha pande mbili ingekufaa, na ni dawa zipi zilizobaki kuongezwa. Kuhusu pampu nitataka kujua ni nani atakayeihudumia hapa Kenya siku kisanduku kitakapolia king'ora, na majibu yake nitayaandika mbele yenu ili yasomwe kwenye kundi kama yalivyosemwa.

Nitafika Jumamosi kwa basi la asubuhi, na nitakaa mwezi mzima. Nakuja na mizani. Utapanda juu yake kila ukiamka, baada ya kukojoa na kabla ya chai, nami nitaandika uzito kwenye daftari. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu tutampigia daktari siku hiyo hiyo, bila kungoja miguu ivimbe. Mwambie wifi omena waliokaushwa kwa chumvi awagawe kwa majirani, na ule mto wa tatu asiuondoe bado.

Dada yako,
Nakuru